Sura ya Saba: Saa ya Ukutani Dukani kwa Abdiqani

Karatasi iliyokuwa juu ya meza ya Inspekta Mutanu ilikuwa na mistari mingi, lakini mmoja tu ndio uliopigiwa wino mwekundu. Alhamisi, 8:40. Dakika hiyo, pochi ya sarafu za kidijitali ya Abdiqani, mwenye duka la vocha na mtandao mjini Dadaab, ilimwagwa yote kwenda kusikojulikana. Abdiqani mwenyewe hakuonekana tena tangu siku hiyo. Pikipiki yake ilikutwa imelazwa kichakani kando ya njia ya Liboi, ufunguo ukining'inia.

Leo ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi. Ng'ambo ya meza alikaa Idman, mpwa wa Abdiqani, binti wa miaka ishirini na mitatu, pingu zikimchubua mikono. Konstebo Bare alisimama mlangoni kumsaidia inspekta pale Kisomali kingehitajika, lakini Kiswahili cha binti kilikuwa kimenyooka kuliko chake.

"Alhamisi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi," Mutanu alisoma bila kuinua macho. "Ulikuwa wapi?"

"Dukani."

"Na nani?"

"Peke yangu. Abti, mjomba wangu, alikuwa mnadani anauza mbuzi. Alirudi adhuhuri."

"Wewe ukaenda wapi?"

"Kufundisha. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri nafundisha kompyuta wasichana kule kambini. Jioni nikarudi, nikakuta duka limefungwa."

"Nenosiri la pochi analijua nani?"

"Abti peke yake. Mimi naangalia tu kama pesa za akina mama zimeingia. Watoto wao wako ng'ambo, wanatuma, mimi naangalia. Kutuma siwezi."

"Lakini saa mbili na dakika arobaini mtu alituma, Idman. Na dukani ulikuwa wewe."

Binti alifumba macho. "Wallahi sikuigusa. Saa hiyo naikumbuka. Niliuza vocha mbili tu. Pochi ilikuwa inahangaika kama kawaida yake."

"Inahangaika vipi?"

"Mtandao, afande. Ulitutesa miezi miwili. Taa za kisanduku ni kijani, simu za watu zinapata, lakini pochi inasema bado inatafuta. Mtoto wa Hooyo Samsam, yule mama wa maziwa, akituma, sisi tunaona baada ya masaa manne."

"Masaa manne, siku nyingine saba, siku nyingine moja?"

"Hapana. Manne. Kila siku manne. Nilikuwa naandika."

Mutanu aliinua macho kwa mara ya kwanza. Kabla hajauliza lingine, mlango ulisukumwa. Alikuwa Kang'ethe, mkuu wa kituo, kofia kwapani.

"Inspekta, msafara wa Garissa unaondoka saa nane. Huyu anapanda. Kesho asubuhi atasimama mbele ya hakimu kwa wizi na kwa mauaji ya mjomba wake."

"Mwili hatujaupata, bwana mkuu."

"Tutaupata. Hapo nje kuna wazee watatu wanauliza kwa nini polisi wanamficha, na mimi nataka amani. Land Cruiser imepasuka radieta, lakini fundi Silas ametutolea pickup yake. Konstebo Daud atakaa nyuma na mtuhumiwa."

"Fundi Silas? Yule aliyetufungulia laptopu?"

"Huyo huyo. Mtu wa kusaidia sana," alisema Kang'ethe, na akatoka.

Idman hakulia. Aliinama tu karibu na meza. "Afande, nikipanda gari hilo, nani atamtafuta abti? Kila mtu ataacha. Watasema wamemaliza."

* * *

Duka la Abdiqani lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, viti vitatu vya plastiki, na juu ukutani saa kubwa ya duara yenye picha ya Makka. Saa ya mkononi ya Mutanu ilionyesha kumi na dakika ishirini, yaani saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ile ya ukutani mkono wake mfupi ulikuwa kwenye nne. Betri imechoka, alijiambia, akageukia kaunta, ambako Bare aliiweka laptopu iliyotolewa kituoni.

Silas aliwakuta hapo. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mcheshi, mwenye rundo la funguo kiunoni. Yeye ndiye aliyetunza mnara wa simu wa Dadaab na ule wa Liboi, na mji mzima ulimwita mtandao ukigoma.

"Afande Mutanu! Umekuja kuongea na hii mashine?" Alicheka. "Mtandao wa huku ni kama ngamia. Ukimpiga anakaa chini, ukimbembeleza anakutemea mate."

"Sasa hivi amekaa chini kabisa. Tangu Alhamisi jioni sijapata simu."

"Watu wa msituni hao. Wamekata waya na nasikia wametega kitu pale mnarani. Nimeshaonya kila mtu, asikaribie. Tunangoja wanajeshi wa mabomu, labda Jumatano."

"Na Alhamisi wewe ulikuwa wapi?"

"Liboi, kwa mnara. Daftari la kizuizi cha polisi cha huko litakuonyesha. Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa bado huko. Nimefika hapa saa tisa alasiri, Abdiqani alikuwa ameniita kwa sababu ya pochi yake, nikakuta kufuli mlangoni. Nikaenda zangu kula."

Mutanu aliigeuza laptopu. Programu ilikuwa inaweka kumbukumbu ya kila ilichofanya, mistari kwa maelfu. Mstari mmoja ulijirudia ukurasa baada ya ukurasa, wiki baada ya wiki. Aliutafsiri kwa sauti. "Ukurasa umekataliwa, saa yake iko mbele mno. Hii ni nini, fundi?"

"Hiyo?" Silas alitazama kwa nukta moja tu. "Mawimbi yakiwa hafifu inatoa maneno hayo. Usijisumbue." Alizitikisa funguo. "Acha nikatie mafuta. Safari ni ndefu, na yule msichana sipendi afike usiku."

Alipotoka, Bare alisubiri mpaka ngurumo ya pickup ilipofifia.

"Afande, huyu fundi anajua mawimbi. Kwa nini amejibu kama mtu wa kuuza viazi?"

"Hilo ndilo najiuliza. Nenda kizuizi cha kuingilia mji, chukua daftari lao la Alhamisi. Nataka kuona pickup yake imeingia saa ngapi. Usimwambie mtu."

Mutanu alibaki na mashine. Pochi ya Abdiqani haikuwa ya kwenye simu. Ilibeba daftari zima la sarafu hizo, na kila baada ya dakika kumi hivi ilipaswa kupokea ukurasa mpya kutoka kompyuta nyingine duniani. Kwenye kozi ya Nairobi mwalimu wao alikuwa amewaeleza kwamba pochi ya namna hiyo haimwamini mtu yeyote. Ukurasa ukidai umeandikwa zaidi ya masaa mawili mbele ya saa ya kompyuta yenyewe, inautupa, mpaka saa yake iukaribie.

Masaa manne kila siku, binti alisema. Mtandao mbovu hauna ratiba.

Alitazama kona ya skrini. Saa ya laptopu ilikubaliana na ya mkononi mwake, dakika kwa dakika. Haikuwa na kosa. Basi kwa nini pochi iliona kila ukurasa umetoka kesho?

Alikuwa bado anapekua mistari, jua limeshapanda, pale mwanamke mmoja mzee alipoingia na kibuyu cha maziwa, akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa Hooyo Samsam, kiongozi wa kikundi cha akina mama ambao pesa zao ndizo zilizopotea.

"Wewe ndiyo bolisi mkubwa?"

"Ni mimi, mama."

"Besa ni yangu, na mimi nasema, yule mtoto si mwizi. Mimi naibiwa, mimi silii. Nyinyi hamjaibiwa, nyinyi nafunga mtu."

"Tunachunguza, mama."

"Chunguza haraka. Gari naondoka saa nane." Aliinua uso kutazama ukutani. "Sasa saba kasoro dakika ishirini. Swala ya adhuhuri iko karibu."

Mutanu aliangalia saa yake. Kumi na mbili na dakika arobaini. Saa saba kasoro dakika ishirini, sawasawa. Kisha akatazama pale mama alipotazama. Mkono mfupi wa saa ya Makka ulikuwa kati ya sita na saba, mrefu ukiwa kwenye nane, na mwembamba ukizunguka bila kusita. Betri haikuwa imechoka hata kidogo.

"Mama, hiyo saa unaisomaje?"

"Naisoma kama iko." Hooyo Samsam alimtazama kwa huruma. "Zamani Abdiqani alikuwa na saa ya serikali. Sisi wamama tunaangalia, inasema moja, watu wanasema saba. Tunakosa swala, tunakosa gari. Tukamlalamikia. Akaigeuza, isome kama mdomo unavyosema. Mwanangu, saa inasema uongo kwa nini?"

"Aligeuza hii tu?"

"Na ile." Mama alinyoosha kidole kwenye laptopu. "Ilikuwa inatazama huku, tuone tukiwa tumekaa. Miezi miwili sasa."

Miezi miwili. Umri ule ule wa matatizo ya mtandao.

Mutanu alihesabu kwa kugonga kaunta. Kompyuta iliyorudishwa nyuma masaa sita huukataa kila ukurasa mpya. Masaa manne yakipita, tofauti hubaki mawili, na hapo huukubali. Mtandao haukuwa na ugonjwa wowote. Abdiqani aliwahurumia akina mama, na pochi yake ikapotea njia.

Aliichomoa karatasi yenye wino mwekundu. 8:40. Kama kila mtu aliyepita shule, aliisoma saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Lakini kwenye mashine ya duka hili, nane ilikuwa nane. Pochi ilifunguliwa saa nane na dakika arobaini, mchana, baada ya Abdiqani kurudi kutoka mnadani. Wakati huo Idman alikuwa mbele ya darasa la wasichana.

Basi kwa nini leo laptopu ilikuwa na saa sahihi?

Jibu alilipata ndani ya kumbukumbu za Jumamosi. Mstari mmoja ulisema 5:12. Uliofuata ulisema 11:13. Kati yao mashine haikuzimwa. Mtu aliisogeza mbele masaa sita, baada tu ya karatasi ya polisi kuchapwa. Jumamosi mchana kutwa laptopu ilikuwa kituoni, mikononi mwa mtu mmoja.

"Mama," Mutanu alisema akiifunga, "maziwa yako nitayanywa nikirudi."

* * *

Redio ya kituo ilikuwa na mikwaruzo kama mchanga kwenye sufuria. Mutanu aliwasomea Garissa herufi za mwanzo na za mwisho za muamala ule, akawaomba waufungue kwenye daftari la umma, lile ambalo mtu yeyote mwenye mtandao anaweza kulisoma. Hakuna aliyefikiria kufanya hivyo, kwa sababu Dadaab mtandao haukuwapo, na karatasi ilikuwa inatosha.

Garissa walirudi hewani saa nane kasorobo.

"Umeingia daftarini Alhamisi, saa nane na dakika hamsini na mbili mchana. Narudia, mchana. Mmesikia?"

"Nimesikia."

Bare aliingia akihema, daftari la kizuizi kwapani. Aliweka kidole kwenye mstari. Pickup ya Silas iliingia mjini Alhamisi saa saba na robo. Si saa tisa.

Nje, injini iliwaka.

Mutanu alitoka mbio. Pickup ilikuwa imeelekea lango. Konstebo Daud alikuwa ameshapanda nyuma na bunduki yake, na Idman ameketi sakafuni kati ya mabunda ya nyaya. Silas alikuwa kwenye usukani, mkono dirishani.

"Zima gari."

"Afande, msafara unatuacha."

"Zima."

Kang'ethe alitoka ofisini amekunja uso. Mutanu hakumngoja aseme. Aliipeleka karatasi nyuma ya gari, akaiweka mbele ya macho ya binti. Tangu jana alikuwa akisomewa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

"Hapa penye wino. Nisomee."

"Saa nane na dakika arobaini," alisema Idman.

"Asubuhi?"

Idman alimtazama kana kwamba jua limempiga. "Afande, saa nane ina asubuhi?"

Bare aliachia cheko fupi, akalimeza. Kang'ethe aliichukua karatasi, akaisoma kimya, midomo ikichezacheza.

"Saa ya duka ilikuwa nyuma masaa sita," Mutanu alimwambia. "Garissa wamethibitisha. Pochi imemwagwa mchana. Na mchana, fundi wetu alikuwa mjini tangu saa saba na robo. Abdiqani alimwita, akamfungulia pochi aitengeneze."

Silas alicheka, lakini hakumtazama mtu. "Saa mbovu ya akina mama wa maziwa ndiyo imekuwa ushahidi?"

"Haikuwa mbovu. Jumamosi uliikuta hivyo, ukatambua kuwa 8:40 ikisomwa asubuhi, daftari la kizuizi linakuweka Liboi. Ukatuchapia karatasi, halafu ukaisogeza. Mtu mwema angesema, jamani, saa hii haiko sawa. Kwa nini uliirekebisha ukanyamaza?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Silas ilikuwa imeishia langoni. Mkono wake uliteleza kuelekea gia. Bare alikuwa ameshaingiza wake dirishani, akachomoa ufunguo.

"Haye, walaal," alisema kwa upole. "Ndugu yangu, shuka pole pole."

Pingu zilitoka kwenye mikono ya Idman zikahamia kwenye ya fundi.

* * *

Walimuuliza kwa saa nzima na zaidi Abdiqani yuko wapi, na hakutoa hata jina la mama yake. Kang'ethe alituma gari kwenye njia ya Liboi, kule ilikokutwa pikipiki. Mutanu alikaa kwenye ngazi na rundo la funguo za Silas, akiligeuza mkononi.

"Bare, mnara ulizimika lini?"

"Alhamisi jioni."

"Nani alisema ni watu wa msituni?"

Bare alifikiri. "Silas."

"Nani alisema kuna mtego?"

Bare alikwenda kuleta gari.

Mnara ulisimama nje kidogo ya mji, ndani ya uzio wa seng'enge, na chini yake kibanda cha zege kisicho na dirisha, cha mitambo na betri. Walisimamisha gari mbali. Kang'ethe alikuwa amewafuata, na Idman amekataa katakata kubaki kituoni.

"Inspekta, ngoja wanajeshi wa mabomu," alisema Kang'ethe. "Jumatano. Hii ni amri."

"Jumatano hatakuwapo wa kumtafuta, bwana mkuu."

Mutanu alichuchumaa. Katika mchanga mwekundu, alama za matairi ya pickup ziliingia kutoka barabarani, zikapita langoni, zikafika hadi mlangoni mwa kibanda, zikageuka. Ziliingia mara tatu, na za juu zilikuwa mbichi.

"Mtu hapiti juu ya mtego wake mara tatu," alisema.

Alivua viatu, akazishika funguo kifuani zisilie, akaanza kutembea ndani ya alama ya tairi la kulia, unyayo mbele ya unyayo. Kuku wa mtu alilia mbali. Hatua thelathini. Arobaini. Kipande cha waya kilichokatwa kilining'inia juu ya mlango, na aliyekikata alikikata kwa koleo, kwa ufundi, bila kuumiza kingine.

Ufunguo wa nne uliingia. Kufuli ilifunguka kwa mlio uliomfanya Kang'ethe, kule nyuma, apige goti.

Hakuna kilicholipuka. Joto lilimpiga Mutanu usoni kama pumzi ya tanuri, na harufu yake haikuwa nzuri. Gizani kulikuwa na safu ya betri, mtungi mweupe wa maji ya kuongezea betri umelazwa mtupu, na nyuma ya mtungi, nguo.

"Abdiqani?"

Nguo hazikusogea.

Kule kwenye uzio Idman alianza kuita. "Abti! Abti!" Sauti yake ilipasuka, akaita tena.

Nguo zilisogea. Ilitoka sauti kavu, isiyo na mate, neno moja, kisha mengine mawili kwa Kisomali. Bare, aliyekuwa amefuata alama zile zile bila kuruhusiwa, alifika begani mwa Mutanu, akasikiliza.

"Anasema nini?"

Bare alijifuta uso wote kwa kiganja kimoja. "Anasema siku zote hizi hakusikia adhana hata moja. Anauliza sasa hivi ni swala gani."

Mutanu aligeuka, akampigia Idman kelele swali lile. Binti alitazama juu, kwenye jua, si kwenye saa ya mtu yeyote.

"Asr!" alijibu kwa nguvu zake zote, ili lifike hadi gizani. "Ni asr, abti! Bado haijakupita!"